Uzito wa Kaptula

Sura ya Tano

Alhamisi, saa mbili na nusu asubuhi, Sajenti Jotham Mwaisumo wa upelelezi, Kituo cha Polisi Tukuyu, alikuwa amepiga magoti barazani kwa Bibi Tupokigwe kule Mpuguso, akinusa mkeka. Katika miaka kumi na sita ya kazi alikuwa ameshanusa vitu vingi kwa niaba ya Serikali, lakini mkeka wa mbwa ulikuwa wa kwanza.

"Unasikia harufu gani, tata?" aliuliza Bibi Tupokigwe kutoka kwenye kigoda chake, akimwita baba kwa lugha ya kwao.

"Parachichi."

"Basi ni wake. Anayapenda kuliko nyama."

Mbwa aliyekuwa akitafutwa aliitwa Kaptula. Alikuwa mbwa mdogo wa kizungu, mweupe, miguu mifupi, ila nyuma, kuanzia kiunoni hadi magotini, alikuwa na rangi ya kahawia. Watoto wa Mpuguso ndio waliompa jina hilo na hakuna aliyepata kulipinga. Shingoni alivaa kengele. Bibi Tupokigwe alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na kwa miaka minne alikuwa akitembea nyuma ya kengele hiyo, kwenda kisimani, kanisani na sokoni. Jumanne asubuhi jirani yake, Monica, alimshika mkono wakaenda kwenye maombi ya akina mama, nyumba ya tatu kutoka hapo. Aliporudi aliita, na kengele haikulia.

Mbwa kupotea si habari ya kumtoa sajenti ofisini. Kilichomtoa ni kwamba kesho yake, Ijumaa saa nne asubuhi, ndege ndogo ya abiria kumi na tisa ya shirika jipya la Mbega ilikuwa iruke kutoka Mbeya kwenda Dar es Salaam, na kiti kimojawapo kilikuwa cha Bibi Tupokigwe. Huo ulikuwa mwaka 1997. Soko huria lilikuwa limeshailetea Tukuyu mitumba ya kila aina, mabanda ya video na maduka ya dawa kila kona, na sasa lilikuwa limeleta ndege za watu binafsi. Jenifer, binti wa Bibi aliyeko Dar, alikata tiketi hiyo kwa sababu nyonga ya mama yake iliyovunjika mwaka juzi isingestahimili basi la kutwa nzima. Jumatatu Bibi alikuwa apasuliwe macho na daktari mgeni aliyekuja nchini kwa wiki moja tu. Akikosa zamu hiyo angengoja mpaka mwakani, na alishaambiwa wazi kuwa jicho la kushoto halitafika mwakani.

"Bibi," Jotham alisema akijipangusa magoti, "mimi nitaendelea kumtafuta. Wewe kesho panda ndege. Nikimpata nitamlisha mwenyewe mpaka urudi."

"Siendi."

"Ni jicho hilo, Bibi."

"Jicho ni langu. Siendi bila Kaptula."

"Kwa nini lakini? Dar kuna watu wa kukushika mkono."

Bibi Tupokigwe alivuta kanga yake. "Tata, mke wa meneja wa shamba la chai aliniachia mbwa huyu siku wanaondoka, shamba lilipouzwa. Macho yangu yalikuwa yamekwisha kuingia ukungu. Sijawahi kumwona. Wananiambia ni mweupe, wananiambia amevaa kaptula, mimi ninaitikia tu. Wakinifungua kitambaa, wa kwanza kumwona nataka awe yeye. Sura ya Jenifer naijua, nilimzaa."

Monica, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikapu chake cha kuchumia chai mgongoni, aligeuza uso akajifanya anatazama migomba. Jotham naye alifungua daftari. Pale maneno yanapomshinda, yeye huandika.

"Jumanne mlikuwa kwenye maombi kuanzia saa ngapi?"

"Saa tatu mpaka saa nne na kidogo," alisema Monica.

"Mlisikia akibweka?"

"Hata kidogo. Na pale tulipokuwa, akibwekea kunguru tunasikia."

"Kwa hiyo aliyemchukua anamfahamu." Jotham aliandika. "Kimeondoka nini kingine?"

"Kikapu chake cha safari," alisema Bibi. "Kile chenye kifuniko."

"Karatasi za safari ziko wapi?"

Zilikuwa ndani, kwenye bati la biskuti juu ya kabati. Mlango haukuwa umefungwa siku hiyo. Mpuguso hakuna anayefunga nyumba kwa ajili ya maombi ya saa moja. Jotham alizitoa moja moja. Tiketi ilikuwepo. Kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa ilikuwepo. Nyuma ya tiketi kulikuwa na masharti yaliyopigwa chapa kwa herufi ndogo, naye aliyasoma kwa sauti.

"Mbwa mdogo ataruhusiwa kusafiri na mwenye mbwa ndani ya ndege, akiwa ndani ya kikapu chenye kifuniko, kitakachowekwa miguuni chini ya kiti. Uzito wa mbwa pamoja na kikapu usizidi kilo nane. Uzito uthibitishwe kwa maandishi na mhuri kabla ya siku ya safari, na utapimwa tena uwanjani. Atakayezidi hatapakiwa." Aliinua uso. "Karatasi ya uzito iko wapi?"

"Humo humo."

"Humu haimo."

Bibi alipapasa ndani ya bati mwenyewe, akapapasa tena. "Niliiweka Jumatatu jioni, nilipotoka kumpima pale kwenye banda la chai. Meshaki karani ndiye aliyempima. Walimning'iniza na kikapu chake, karani akaita kwa sauti kama anavyoita chai: kilo saba na nusu! Foleni nzima ilishangilia."

"Ni kweli," Monica alisema. "Nilikuwepo."

Jotham alipiga mstari kwenye daftari na kuandika upande mmoja vilivyochukuliwa, upande wa pili vilivyoachwa. Mtu mwenye chuki na mbwa angemchukua mbwa peke yake. Mtu mwenye chuki na safari angechukua tiketi. Huyu alichukua mbwa, kikapu na karatasi ya uzito, akaacha tiketi mahali pake na kulifunga bati vizuri.

"Nani huku hampendi Kaptula?"

Monica ndiye aliyejibu, tena kwa haraka. "Ambwene. Kaptula aliwatimua bata wake mwaka jana, na tangu hapo haipiti wiki bila kumtukana. Na Jumanne hiyo hiyo alionekana akitoka njia ya Kisiba na kikapu kilichofunikwa kanga. Kikapu kilikuwa kinatikisika."

"Hilo ungeniambia tangu nilipofika."

"Ulipofika ulianza kunusa, afande."

Nyumba ya Ambwene ilikuwa ng'ambo ya kijito. Mwenyewe, mtu wa makamo mwenye mabega mapana, alikuwa uani akinoa panga. Alipomwona sajenti anakuja akisukuma baiskeli, na Monica nyuma yake, alinoa kwa kasi zaidi.

"Habari za kazi, Ambwene?"

"Nzuri. Kama ni habari za mbwa, sijui."

"Sijataja mbwa."

"Kijiji kizima hakina habari nyingine."

"Jumanne ulitoka Kisiba na kikapu. Ndani mlikuwa na nini?"

"Vitu vyangu."

"Vinavyotikisika?"

"Barabara ya Kisiba ina mashimo, afande. Kila kitu kinatikisika."

Ndani ya nyumba kitu kililia kwa sauti nyembamba, mara mbili. Ambwene aliacha kunoa. Monica alisema "Kaptula!" na kabla hajazuiwa alikuwa amekwisha kuingia, na sajenti nyuma yake. Sauti ilitoka chini ya kitanda. Jotham alipiga magoti kwa mara ya pili siku hiyo, akanyoosha mkono, akavuta kitu chenye joto. Kilikuwa kitoto cha mbwa, cheusi tii, kikubwa kama kiatu, na kilimlamba kidole cha shahada bila woga wowote.

Ambwene alikuwa amesimama mlangoni akikuna shingo.

"Nilimpata kwa shemeji yangu kule Kisiba," alisema hatimaye.

"Sasa mbona umemficha?"

"Afande, mwaka mzima nimesema mbele ya watu kwamba mbwa wa kukaa ndani ni upuuzi. Nimesema baa zote. Nimesema mpaka kanisani. Halafu nipite naye mchana kweupe?" Alimtazama Monica kwa huruma ya kujihurumia. "Kaptula kanizoea, kila siku ananifuata mpaka kijitoni. Niliposikia anaondoka na ndege nikaona kutakuwa kimya."

"Anaitwaje huyu?"

"Na hilo linaandikwa?"

"Linaandikwa."

"Suruali," alisema Ambwene kwa sauti ndogo.

Jotham aliandika Suruali, akafunga daftari, akatoka nje upesi ili acheke akiwa peke yake. Monica hakuona haja ya kutoka.

Saa saba na nusu mchana alikuwa amekwisha rudi mjini Tukuyu, jasho likimtoka kwa vile vilima. Aliegesha baiskeli mbele ya duka la dawa za mifugo la Nelson. Nelson alikuwa bwana mifugo wa Serikali mpaka alipopunguzwa kazini. Sasa alikuwa bwana mifugo wa duka lake mwenyewe, na ndiye aliyemdunga Kaptula sindano ya chanjo Jumamosi iliyopita. Jotham alitaka kujua kama kuna mtu aliyekuja kuulizia habari za mbwa huyo, au kutaka nakala ya kadi.

"Hakuna," Nelson alisema. "Alikuja Bibi na Monica, wakaondoka. Nilimchanja, nikampa na dawa ya minyoo. Basi."

"Dawa ya minyoo unapima vipi?"

"Kwa uzito. Nikikosea naweza kumuua." Nelson alilifungua daftari lake la wagonjwa, akapitisha kidole juu ya ng'ombe kumi na mmoja na nguruwe wawili. "Huyu hapa. Mbwa, dume, Kaptula. Kilo saba na robo tatu."

"Pamoja na kikapu."

"Bila kikapu. Kikapu hakina minyoo."

Jotham, aliyekuwa ameshaanza kugeuka, aligeuka tena. Alilitoa daftari lake na kuliweka mezani kando ya lile la Nelson. Jumamosi, hapa dukani, mbwa peke yake: kilo saba na robo tatu. Jumatatu, bandani, mbwa na kikapu chake: kilo saba na nusu.

"Hapo pana kosa," alisema Nelson.

"Nimeona. Kikapu cha Bibi nimeambiwa kina ubao chini, ule wa masanduku ya chai. Hakiwezi kumpunguzia mbwa uzito." Jotham aliielekeza kalamu kwenye mizani ya mezani. "Hiyo ni nzima?"

Nelson alikasirika kidogo, lakini alitoa pakiti mbili za sukari za kilo moja moja kutoka duka la jirani na kuzitua juu ya sahani. Mshale ulisimama kwenye mbili, bila kupepesuka.

"Basi mizani ya banda ndiyo mbovu," alisema.

"Watu wa vipimo walipita mwezi wa sita. Nilikuwepo, niliwasindikiza. Walitundika mawe yao, ikasoma sawasawa, wakaipiga lakiri." Jotham alivuta kiti akakaa. "Wewe una chai kule Matwebe."

"Robo tatu ya eka."

"Ukipeleka majani bandani, karani anaandika kile mshale unachosema?"

"Thubutu! Wanakata kilo mbili kila kikapu. Moja ya kikapu chenyewe, moja ya umande."

"Hata alasiri? Jua likiwaka?"

"Hata alasiri, hata kiangazi, hata majani yakiwa makavu kama gazeti. Sisi tunanung'unika, wao wanasema ndio utaratibu. Karani akishazoea hasomi tena mshale, mkono unakata wenyewe…" Nelson alisimama hapo hapo katikati ya sentensi. Mdomo ulibaki wazi, kisha mabega yakaanza kumtetemeka. "Usiniambie, Jotham. Usiniambie kwamba Meshaki amemkata mbwa umande."

"Saba na nusu, ongeza mbili."

"Tisa na nusu! Na ndege inataka nane!" Nelson alijifuta machozi kwa koti jeupe. "Bibi wa watu angefika uwanjani Mbeya, wakamning'iniza…"

"Wakamwambia mwache mbwa, naye akawaambia siendi," Jotham alimalizia. Yeye hakuwa akicheka tena. "Nelson, mbwa anaweza kupungua kiasi gani kwa siku mbili?"

"Yule? Kwa yale maparachichi anayokula? Nusu kilo bila taabu, akinyimwa hayo na kukimbizwa. Kwa nini?"

Lakini sajenti alikuwa amekwisha kupanda baiskeli.

Banda la kupimia chai lilikuwa kando ya barabara, paa la mabati juu ya nguzo nne, na nyuma yake stoo ya mbao ya kuhifadhia magunia. Saa tisa alasiri foleni ilikuwa imefika barabarani. Wanaume kwa wanawake, watu kama thelathini, walikaa pembeni ya vikapu vyao vya majani mabichi wakipiga soga. Mbele, mizani yenye uso mviringo ilining'inia kwenye boriti, na chini yake meza, daftari, mhuri, na Meshaki.

Meshaki alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, nadhifu, kalamu mbili mfukoni, karani wa kampuni ya chai kwa mwaka wa kumi na mbili. Siku hiyo alipima chai bila kuinua uso, kwa sababu hatua tano tu kutoka mezani kwake, juu ya jiwe, alikuwa ameketi Bibi Tupokigwe. Monica alimleta awaulize watu wa foleni. Kila aliyefika aliulizwa kama hajasikia kengele, na kila aliyejibu hapana aliambiwa ndaga, asante, mwanangu, Mungu Kyala akubariki.

Jotham aliegesha baiskeli, akamsalimia Bibi, akaenda moja kwa moja mezani.

"Karani, nina shida ya dakika mbili. Funguo za stoo."

"Stoo kuna magunia matupu, afande."

"Napenda magunia."

Meshaki alizitoa.

Ndani ya stoo kulikuwa na giza la kadiri na harufu ya katani. Juu ya rundo la magunia, Kaptula alikuwa amelala chali, mikono hewani, kama mtu aliyemaliza kazi ngumu. Alifumbua jicho moja, akatingisha mkia, akaendelea kulala. Kengele shingoni ilikuwa imefungwa kitambaa ili isilie. Kando yake palikuwa na bakuli la maji, na vikapu viwili. Kimoja kilikuwa kizito, cha zamani, chenye ubao chini. Cha pili kilikuwa kipya, cha mianzi iliyochongwa nyembamba, kimesukwa vizuri, na kifuniko chake kina kitanzi cha ngozi.

"Hiki cha mianzi kina uzito gani?"

"Nusu kilo," Meshaki alinong'ona. "Kile kina kilo moja na robo tatu. Nilikaa na msusi mpaka akamaliza."

"Anakula nini mbwa?"

"Ugali kidogo, asubuhi. Na maji."

"Parachichi?"

"Hata kulinusa. Na kila alfajiri tunakwenda naye mpaka njia panda ya Matwebe na kurudi, mbio. Mimi mwenyewe suruali inanivuka." Aliushika mkanda wake kuthibitisha. "Nilitaka kumrudisha leo jioni na karatasi mpya. Sikumwiba, afande. Nilimchukua apungue."

"Uligundua lini?"

"Jumatatu jioni nikiwa nyumbani nakula. Kijiko kikaanguka. Nikaona uso wa mizani mbele yangu, mshale uko tisa na nusu, na mimi nimeandika saba na nusu. Nimepima miaka kumi na miwili, afande. Sijui tena kupima bila kukata."

"Ungemwambia Bibi asubuhi yake. Angekuelewa."

"Ningemwambia nini? Kwamba nimemkata mbwa umande? Saa tisa alasiri, jua limewaka tangu asubuhi, foleni nzima inatazama?"

"Wangeuliza ya kwao."

"Wangeuliza ya kwao," alikubali Meshaki, na akakaa juu ya magunia kando ya mbwa.

Jotham alimtazama, akamtazama na mbwa. Kwa sheria palikuwa na kosa, tena mambo yote yalikuwa wazi: kuingia nyumba ya mtu, kuchukua mali yake, kuficha nyaraka. Lakini nje kulikuwa na mwanamke mwenye siku moja tu, na alichohitaji siyo hati ya mashitaka.

"Utampima sasa hivi," alisema. "Mbele ya mwenye mbwa, na kikapu hiki kipya. Uandike unachokiona na upige mhuri. Mimi nitasema mbwa amepatikana. Kama kuna kesi, ataamua Bibi."

"Na zile kilo mbili?"

"Zile utazimaliza na wakulima mwenyewe. Lini?"

"Kesho, afande."

"Kesho."

Meshaki alikifungua kile kitambaa shingoni mwa Kaptula. Kengele ililia mara moja tu, na nje Bibi Tupokigwe alisimama wima bila kushikwa na mtu, nyonga na yote. Mbwa alitoka stoo akikimbia kama risasi, akapita kati ya vikapu vya chai, akamrukia. Foleni ilipiga vigelegele. Bibi aliketi chini na kumpapasa kichwa, masikio, mgongo, mbavu, akilia na kucheka pamoja, na Jotham, asiyependa kuonekana hivyo, alilazimika kutafuta leso.

"Lakini amekonda!" Bibi alishangaa. "Alikuwa wapi huyu?"

"Tutakueleza, Bibi. Kwanza apimwe, ile karatasi ilipotea."

Kaptula aliwekwa ndani ya kikapu cha mianzi, kifuniko kikafungwa, kikapu kikatundikwa kwenye ndoano. Watu wote waliacha mahali pao wakasogea. Siku za kawaida mkulima akipimiwa hutazama mdomo wa karani. Siku hiyo thelathini wote walitazama mizani. Kikapu kilizunguka, pua nyeusi ikatokeza kwenye tundu la mianzi, mshale ukacheza mbele, ukacheza nyuma, ukatulia katikati ya saba na nane, umeegemea nane. Kilo saba na robo tatu. Ndege ilikuwa imepatikana.

Meshaki alivuta pumzi ya kushukuru, akakamata kalamu na kuita kwa sauti yake ya miaka kumi na miwili:

"Kilo tano na robo tatu!"

Mtu mmoja nyuma aliusoma mshale kwa sauti, taratibu, kama anayesoma Biblia. Meshaki alibaki na kalamu hewani, masikio yamemwiva.

"Tano?" Bibi Tupokigwe aliuliza. Yeye peke yake ndiye hakuuona mshale. "Jumatatu ulisema saba na nusu. Mbwa wangu anaumwa?"

"Haumwi, Bibi," Monica alisema. Aliyasema maneno yake moja moja, macho yake hayajatoka kwenye mizani. "Amekatwa kilo mbili. Moja ya kikapu, moja ya umande."

"Kaptula ana umande?"

Hapo foleni ilivunjika. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mzee mmoja alikaa juu ya chai yake mwenyewe. Meshaki alingoja, kwa kuwa hakuwa na pa kwenda, na kelele zilipopungua alitoka nyuma ya meza akachuchumaa mbele ya Bibi.

"Jumatatu ilikuwa tisa na nusu, Bibi. Nilikosea. Nikaona aibu kusema. Nilimchukua mimi, nikamkimbiza apungue, ili kesho wasikurudishe uwanjani."

Bibi alifikiri. "Wangeniambia nimwache pale."

"Ndiyo."

"Na nisingemwacha."

"Najua. Ndiyo maana."

Bibi alinyoosha mkono ukamfikia usoni, akampapasa kama alivyompapasa mbwa, mpaka kwenye mashavu. "Na wewe umekonda," alisema.

"Bibi," Jotham aliuliza daftari likiwa wazi, "unamshitaki?"

"Nimshitaki kwa lipi? Andika mbwa alikwenda kukimbia. Hiyo karatasi yangu iko wapi?"

Meshaki alirudi mezani, akaandika saba na robo tatu kwa tarakimu na kwa maneno, akapiga mhuri mara mbili kwa usalama. Bibi aliikunja karatasi akaitia kifuani, chini ya kanga, akakiweka kikapu mapajani. "Mimi nimemsamehe," alisema. "Hawa walio nyuma yangu sijui."

Monica ndiye aliyekuwa wa kwanza. Alikitundika kikapu chake cha chai kwenye ndoano, akarudi nyuma hatua moja, akaweka mikono kiunoni.

"Karani," alisema. "Na mimi nipimie kama mbwa."

Hakuna aliyecheka safari hii. Mshale ulipanda, ukatulia kwenye ishirini na tatu. Meshaki aliutazama, akamtazama Sajenti Jotham, lakini sajenti alikuwa ameinama akikagua mnyororo wa baiskeli yake kwa makini makubwa.

"Kilo ishirini na tatu," Meshaki alisema.

"Haijasikika!" walisema watu wa nyuma.

Meshaki alikaza shingo. "Kilo ishirini na tatu!" aliita, safari hii kwa sauti iliyofika mbali, na kule barabarani waliokuwa wamekwisha kupimwa na kuanza safari ya nyumbani walisimama, wakatazamana, wakatoa stakabadhi zao mifukoni na kugeuka kurudi.